Msumari Kwenye Saruji Mbichi

Saruji ya kaburi la Emoit ilikuwa bado mbichi pale Osukuru, mamake alipomkabidhi Athieno msumari wa inchi nne. "Wewe ndiye uliyefanya naye kazi, binti yangu. Andika kwamba aligundua umeme wa sumaku. Fanya upesi, jua hili halingoji mtu."

Athieno akaupokea. Loo, kumwandikia marehemu uongo! Na uongo wenyewe ulikuwa wa Athieno.

Kwa miaka miwili yeye na Emoit walikuwa wakipima kijiwe cheusi, kidogo kama punje ya mchele, katika maabara ya chuo kimoja Tororo. Kilikuwa nusu-metali, na wataalamu walisema kwamba vitu vya jamii hiyo, ukivielekezea sumaku sambamba na njia ya umeme, mkondo huongezeka badala ya kupungua. Mwezi Machi mita ikaonyesha hivyo hasa. Athieno akapiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuchungulia, na siku hiyohiyo akaanza kuandika makala.

Emoit alikunja uso. "Nyaya za mita tumezigandisha pembeni," akasema. "Sumaku inaubana umeme upite katikati tu, kwa hiyo mita inatudanganya. Tuzigandishe upya, zikate upana wote wa kijiwe."

"Gundi imekwisha, na makala inaondoka Ijumaa. Una wivu, au nini? Kama huniamini, kaifuate mwenyewe Busia!"

Naye, mtu asiyejua kugombana, akapanda bodaboda hadi mpakani kuchukua gundi ya madini ya fedha iliyotumwa kutoka upande wa Kenya. Lori likamgonga akiwa anarudi. Kichupa cha gundi kilikutwa mfukoni mwake, hakina hata ufa.

Jana Athieno alijifungia maabarani, akazigandisha nyaya upya kwa gundi hiyohiyo, akawasha sumaku. Mkondo haukuongezeka hata chembe. Njia ya mwongo ni fupi, jamani, na yake ilikuwa imemfikisha hapa kaburini.

"Andika basi," mama akamhimiza. "Inakauka."

"Mama, hakuna tulichogundua. Tulikosea. Yeye aliliona kosa, mimi nikakataa kusikia." Athieno alikuwa analia waziwazi sasa, mbele ya waombolezaji wote. "Mimi ndiye niliyemwambia aende Busia."

Mama hakupiga kelele. Aliuchukua ule msumari, akapiga magoti, na kwa herufi kubwakubwa za mtu aliyeishia darasa la tatu akaandika: EMOIT ALISEMA KWELI.

Kisha akamrudishia Athieno msumari.

"Sasa andika jina la aliyemtuma."

Athieno akapiga magoti. Saruji ilikuwa imeanza kushika, ikabidi aukandamize msumari kwa mikono miwili.