Simbiro Uachwe Utiririke

Protus Wafula alikuwa ameegesha gari kwenye kivuli cha ukuta wa shule jijini Jedah, akiwasubiri watoto wa bosi, habari ilipomfikia. Simu ilitetemeka mfululizo hadi akadhani kuna msiba nyumbani. Alipolifungua kundi la Wana wa Simbiro, ambalo ndani yake walikuwamo madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani kutoka kwao waliotawanyika Saudia nzima, akakuta ni shangwe tupu. Serikali ilikuwa imeutangaza Mto Simbiro kuwa mto wa hifadhi. Kuanzia unapochomoza milimani hadi unapomwaga maji yake ziwani, uachwe utiririke kama ulivyoumbwa: hakuna bwawa, hakuna tanuri la matofali ukingoni, na hakuna kuchota mchanga, hata karai moja.

Hapo kwenye mchanga ndipo Protus alipoacha kusoma.

Protus alikuwa na lori. Alikuwa hajawahi kulishika usukani, maana alilinunua akiwa hukohuko Saudia, kwa jasho la kupeleka watu madukani, shuleni na kliniki tangu alipopata ikama, kibali chake cha kwanza cha kuishi huko. Alilijua kwa picha tu: la bluu, taa moja imepasuka, ubavuni limeandikwa Baraka za Jedah. Kaka yake Hezron ndiye aliyelishusha mtoni kila asubuhi, vijana wakalijaza mchanga, likapanda nao mjini kwa wajenzi. Mpango wa Protus ulikuwa kwamba mkataba ukiisha arudi nyumbani, atafute lori la pili, na asiambiwe yalla, haraka, na mtu mwingine maishani mwake.

Alibonyeza kitufe cha kurekodi sauti bila hata kufikiri.

"Sasa mnashangilia nini nyinyi?" alifoka. "Mto utaachwa uwe mzuri, sawa. Mimi na lori langu la mchanga tutakula uzuri? Watoto wa Hezron wataenda shule wamebeba mandhari? Hii ni kazi ya watu wa ofisini, hawajui hata huo mto uko wapi!"

Kisha ikaingia sauti ya mwanamke. Kabla ya neno lolote alicheka, kicheko kirefu kilichoanzia chini kikapanda kwa madaha, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka.

"Pole sana, kaka wa lori," alisema. "Mimi naitwa Beldina, niko Riyadh. Kwetu ni chini kabisa, karibu na ziwa. Wewe kwenu mto ni mchanga. Sisi huku chini mto ni kile mnachotuachia mkishamaliza. Kwa hivyo leo ni zamu yetu kushangilia, niache nimalize."

Akacheka tena.

Protus alichukia kicheko kile siku nzima. Usiku ulipoingia akakisikiliza upya, eti apate hoja ya kukijibu. Akakirudia.

Ijumaa iliyofuata alikwenda mtaa wa Al-Mahjar kwa Griffins, mlinzi wa ghala, rafiki yake wa tangu shuleni, wakasonga ugali. Griffins naye alikuwa na machungu yake, maana tanuri la matofali la ndugu yake lilikuwa limefungwa. Lakini badala ya kulalamika alikuwa akimtazama Protus kwa jicho la pembeni.

"Wewe unagombana na huyo dada ama unamchumbia?" aliuliza.

"Nagombana."

"Mbona ukigombana unatabasamu?"

Protus alimega tonge kubwa kupita kiasi ili asijibu.

Wakaendelea hivyo kwa muda, yeye akituma hoja kutoka Jedah na Beldina akizibomoa kutoka Riyadh, watu wa kundini wakisubiri kama wanaosubiri matokeo ya mpira. Mwishowe mwenye kundi, mama mmoja mstaarabu aitwaye Roselyne, akawaomba waende wakajadiliane faragha kwa sababu wengine walikuwa wanahitaji nafasi ya kutangaza harambee. Walikwenda faragha. Huko mto ulizungumzwa kidogo zaidi kila siku, na mambo mengine yakazungumzwa zaidi.

Basi ikatokea kwamba mpwa wa bosi anaoa Riyadh, na familia nzima ikafunga safari ya gari. Protus aliendesha jangwa lile refu akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, hadi mke wa bosi akamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, madam. Barabara ni nzuri tu."

Beldina alikuwa amemwambia kwamba Ijumaa alasiri huwa anampeleka mama mzazi wa madam wake, ambaye yeye Beldina humtunza, Wadi Hanifa, bonde lenye mitende na maji, ajikalie hewani. "Ukisikia mtu anacheka, fuata," alimwambia. Tatizo lilikuwa bosi. Dereva hampangii bosi pa kwenda. Protus akaona njia ni kupitia kwa watoto. Akiwa anawafunga mikanda aliwaambia, kama mtu anayesema tu, kwamba amesikia Wadi Hanifa kuna bata wanaoogelea. Hakuongeza neno. Kufika adhuhuri, nyumba nzima ilikuwa haina jingine ila bata, na bosi akarusha mikono juu: "Halas! Basi! Protus, washa gari, twende kwenye bata."

Bata hawakuwapo. Lakini yalikuwapo maji, membamba na matulivu, yakipita kwenye mawe katikati ya mitende, na kandokando yake familia zilikuwa zimetandika mazulia, zinamimina kahawa, watoto wanarusha vijiwe. Watoto wa bosi walivua viatu wakawasahau bata papo hapo. Protus alisimama karibu na gari, ametega masikio.

Akakisikia. Kilitoka nyuma ya mtende, kikapanda ngazi zake zilezile.

Beldina alikuwa mrefu kuliko alivyomdhania, amevaa abaya nyeusi, thamosi mkononi. Kando yake kwenye kiti cha magurudumu alikaa bibi mmoja mwembamba, miguu imefunikwa shali.

"Kaka wa lori," Beldina alisema kabla hajajitambulisha.

"Umenijuaje?"

"Mtu gani mwingine anaweza kuutazama mkondo huu akakunja uso, kama anapima mchanga wake?"

Alikuwa amesema kweli. Protus alijikuta anacheka. Bibi akataka kujua kwa Kiarabu kama huyu ni kaka yake. "Mafi, si kaka, mama," Beldina alimjibu. "Ni jirani. Mto wetu mmoja." Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaelekeza kidole kwenye maji. Alisema zamani watu walikuwa wanapita hapa wameziba pua, taka zilijaa. Yeye hakudhani angekuja kunywa kahawa mahali hapa akiwa mzee. Kisha akafumba macho kupunga hewa.

"Sasa tuambie," Protus alisema akikaa kwenye jiwe. "Hapa tuko ana kwa ana. Ni kwa nini ulifurahi vile siku ile? Si kwa kunicheka tu."

Beldina alimimina kahawa kwanza.

"Nilipokuwa mdogo, kiangazi tulikuwa tunafukua mchanga kwa mkono, maji safi yanatoka. Mchanga ndio uliyatunza. Mlipoanza kuuchota huko juu, kwetu ukabaki udongo na mashimo. Hilo tulivumilia. Halafu kingo zikaanza kuporomoka. Kila mvua, shamba linapungua. Kaburi la baba lilikuwa mbali na mto, Protus, mbali kabisa, chini ya mti wa kivuli. Mwaka ule wa mafuriko mama aliamka akakuta mto uko miguuni pa baba." Akaweka thamosi chini. "Tulimfukua tukamzika mara ya pili. Mimi nilikuwa hapa Riyadh, niliona kwenye simu."

Protus alilifikiria lile lori la bluu, na zile picha za Hezron akitabasamu amesimama juu ya mchanga, ambazo yeye alikuwa akiwaonyesha watu kwa majivuno.

"Pole," alisema hatimaye, na neno lenyewe akaliona dogo. "Kweli pole, Beldina. Mimi sikuwahi kufika huko chini. Nilidhani mto unaishia pale tunapouona."

"Sikukwambia ili ulie. Umeniuliza." Alimsukumia kikombe. "Na lori linafanya nini siku hizi?"

"Limelala. Hezron anafugia kuku ndani."

Kicheko kikapanda tena, bibi akafumbua macho. Ndipo Beldina akamwambia jambo lililokuwa likimzunguka kichwani. Tangu mto utangazwe, wageni walikuwa wameanza kuja na mashua za mpira. Wanaingia majini juu, karibu na maporomoko ya kwao Protus, wanateremka na mkondo wakipiga kelele za furaha, wanatokea chini kwa kina Beldina wameloa chapachapa. Mdogo wake Lewis ndiye anayewapokea, na mama anawapikia samaki. Halafu inaanza shida: mashua zirudi vipi juu? Siku moja Lewis alizifunga kwenye bodaboda, upepo ukainua moja, nusura pikipiki ipae.

Protus alisimama kabisa. "Wanahitaji lori!"

"Mimi nimesema?" Beldina aliuliza, akijifanya kufuta thamosi.

Protus alimpigia Hezron palepale, watoto wa bosi wakimvuta shati awatazame wakirusha vijiwe.

"Nibebe nini?" Hezron alipaza sauti. "Mipira? Mimi dereva wa mchanga, nibebe mipira ya Wazungu?"

"Si Wazungu tu, hata watu wa Nairobi wanakuja. Toa kuku, osha lori, umtafute kijana anaitwa Lewis."

"Na nikichekwa na kijiji?"

"Wacheke wakiwa wanakuona unafanya kazi."

Hezron alikata simu kwa hasira. Lakini kesho yake picha ikaingia: lori limeoshwa, kuku mmoja bado amesimama juu ya kibanda cha dereva, amegoma kushuka.

Mambo hayakunyooka kwa kila mtu. Mjini mchanga ulipanda bei, wajenzi wakanung'unika. Ndugu yake Griffins ilimbidi kulihamishia tanuri mlimani, na kila akipiga simu anailaani serikali kwa sababu anabebesha maji punda. Baadhi ya vijana waliokuwa wakijaza lori waliondoka kwenda kutafuta vibarua kwingine. Wengine walibaki, wakafundishwa kuongoza mashua, na aliyeibuka hodari kuliko wote alikuwa Brayo, ambaye zamani hata kunawa uso mtoni aliogopa. Hezron naye akaanza kujua njia yote ya mto hadi ziwani, na akirudi alikuwa na habari: leo nimekula kwa mama yake Beldina, leo nimeona kingo zimeota matete, leo samaki ningu wamepanda mto, Protus, wamejaa kwenye mawe hadi watoto wanapiga kelele, sijaona hivyo tangu tukiwa wadogo.

Protus aliusikiliza ujumbe huo ndani ya gari, nje ya duka moja la mtaa wa Ruwais alikomleta madam kununua samaki, na machozi yakamlengalenga. Akautuma Riyadh. Beldina hakujibu kwa maneno. Alituma kicheko peke yake.

Baadaye familia anayoifanyia kazi Beldina ilimleta bibi Makka kwa ibada ya Umra, na wakirudi wakapumzika Jedah. Protus aliomba ruhusa kwa bosi waziwazi, mara hii bila bata. Bosi alimtazama kwa muda, akauliza, "Ni yule wa Riyadh?" Kumbe alijua siku zote. Akampa alasiri nzima.

Walikutana kando ya bahari, bibi kwenye kiti chake, upepo ukipepea shali. Protus alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi, yakamtoroka yote.

"Beldina, mkataba wangu unakwisha mwaka huu. Nataka nikirudi nishuke na mto hadi kwenu. Si kwa lori. Nije kama watu wanavyokuja kwa mama wa msichana."

Beldina aliangalia baharini. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakucheka.

"Unajua mama yangu atasema nini akisikia unatoka juu?"

"Mpigie tumsikie."

Akampigia. Sura ya mama ikajaa kwenye simu, nyuma yake jiko linatoa moshi. Beldina alieleza kwa Kijaluo, haraka haraka. Mama akasogeza simu karibu na jicho amwone vizuri yule mwanaume.

"Wewe ndiye ndugu ya Hezron?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Ndimi, mama."

"Hezron anakula sana."

"Ni kweli, mama."

"Mtu anayekula vizuri hana roho mbaya." Akafikiri. "Njoo. Lakini kwangu mtu haingii bila kusalimu kwa lugha yangu. Beldina akufundishe."

"Sema: amosi, mama," Beldina alimnong'oneza.

"Amozi mama," Protus akasema, ameloa jasho.

Mama akakunja uso. Protus akajaribu tena, ikatoka mbaya zaidi. Hapo bibi, ambaye kwa miaka aliyoishi na Beldina alikuwa amesikia salamu hiyo simuni kila jioni, akanyoosha mkono akaichukua simu, akaisogeza mbele ya uso wake uliokunjamana.

"Amosi, mama!" alisema, safi kabisa.

Upande wa pili mama akapiga kigelegele, na Beldina akacheka hadi akashikilia kiti cha magurudumu asianguke, huku bibi akimgeukia Protus na kumwamuru kwa Kiarabu arudie nyuma yake, polepole, mara hii asikosee.