Ofisi ya Tawi Iko Wazi

Oswald, katibu wa tawi la TANU pale Katonga, alipenda mno kujisikia akizungumza, na mwenyewe alilijua hilo. Mkewe alishamwambia kwamba hata akiomba chumvi hungoja apigiwe makofi.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, wanawake wengi wa mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa, walianika dagaa nyuso zimewavimba kwa vipigo vya waume zao. Chama kilisema hilo ni la dini, dini zikasema ni la Chama. Mwishowe Oswald akaita kikao. Walikuja Sheikh Hamdani, katekista Kalisti, Dismasi mwenye mitumbwi, na Mama Mwanvua, mwenyekiti wa UWT.

Wanaume walibishana weee, nani atangulie kutia saini azimio ambalo halijaandikwa. Mama Mwanvua akagonga meza.

"Niambieni kitu kimoja tu. Mama akipigwa leo jioni, akimbilie wapi?"

Oswald hakuwahi kukutana na ukimya asiujaze. Akasimama, akatunisha kifua.

"Ndugu zangu! Ofisi ya tawi iko wazi kwa kila mama wa Taifa hili!"

Makofi yakapigwa. Akaketi ameridhika, hasa na lile neno Taifa.

Kesho yake asubuhi alimkuta Rahabu mlangoni, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, jicho moja limefumbika kwa uvimbe.

"Mwakeye, Ndugu Katibu," alisalimu kwa Kiha. "Nimeambiwa ni hapa."

Oswald aligeuka nyuma, kana kwamba kuna katibu mwingine. Alitaka kueleza kwamba yale yalikuwa maneno ya mkutanoni tu. Akalitazama tena lile jicho.

"Karibu, mama," akasema.

Akahamishia mafaili yake nje, juu ya kreti, katikati ya dagaa walioanikwa. Siku ile alipiga mihuri huku akifukuza kunguru, na nepi za mtoto zikaanikwa kwenye kamba ya bendera.

Jioni Antoni, mume wa Rahabu, akaja na fimbo. Oswald alisimama mlangoni, hotuba nzima imemjaa kifuani. Kilichotoka ni sauti ya kifaranga.

"Ndugu Antoni, hujambo?"

Antoni alimsukuma kwa mkono mmoja, Katibu akaangukia dagaa. Akiwa pale chini, magamba yamemganda shavuni, aliona miguu ikipita kando ya kichwa chake. Mama Mwanvua alikuwa amewakusanya wenzake wa kile kikao.

"Utaanza na sisi, Antoni?" aliuliza Sheikh Hamdani kwa upole.

"Mtumbwini mwangu hupandi," alisema Dismasi, "mpaka kikao kiseme."

"Nami Jumapili nakuja kwako," alisema Kalisti. "Nakuja na Sheikh."

Antoni aliwatazama mmoja mmoja, akaitupa fimbo, akaenda zake. Msamaha hakuomba.

Azimio liliandikwa papo hapo, juu ya ile kreti. Mwanamke ana pa kukimbilia. Mpigaji hapewi mtumbwi na tajiri yeyote wa Katonga. Sheikh na katekista wataingia nyumba yoyote pamoja, iwe ya Waislamu au ya Wakristo. Safari hii hakuna aliyeuliza nani atangulie kutia saini.

Rahabu hakurudi kwa Antoni. Alihamia Bangwe kwa kaka yake, akaendelea na dagaa zake. Baada yake wakaja wengine, na Oswald akabaki na kreti yake nje moja kwa moja.

Habari zikafika wilayani, akaja afisa kuuliza mpango ule ulibuniwaje.

Oswald akakohoa. "Baada ya kutafakari kwa kina hali halisi ya..." Mama Mwanvua alikuwa akimtazama. Akaiacha hotuba njiani.

"Ndugu Afisa, nilikuwa napiga domo," akasema. "Mama mmoja akaniamini." Akaangua kicheko, akajicheka mpaka akajifuta machozi.

Afisa alibaki ameshika kalamu hewani, hajui aandike nini.

"Andika hivyo hivyo," alisema Mama Mwanvua. "Halafu andika kwamba tunahitaji kitanda."