Mfereji Uliokwama Hatua Arobaini

Kuna watu wabishi, halafu kuna Lokeno. Muulize ana mbuzi wangapi, atakujibu, "Wako wachache." Muulize watoto, atasema, "Mungu amenipa." Si kwamba hajui. Mbuzi mmoja akikosekana zizini jioni, yeye ndiye wa kwanza kujua, na atakutajia rangi yake na pembe iliyovunjika. Lakini kuhesabu kwa kinywa mbele ya mgeni, hapana. Kwa wazee wa Turkana, ukikihesabu ulichonacho umekionyesha njia ya kuondoka. Nawoi, mkewe, aliishi na tabia hiyo miaka mingi akiicheka. Mwaka huu aliacha kucheka.

Ilikuwa hivi. Mwaka juzi afisa wa kilimo wa kaunti, binti aitwaye Chelangat, alifika kando ya mto Turkwel, chini kidogo ya Lodwar, kuandika mashamba. Kaunti ilikuwa imetenga pesa za mfereji wa saruji, na urefu wa mfereji ungefuata idadi ya mashamba. Lokeno ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, basi akamtembeza. Walianza juu, wakashuka na mto shamba baada ya shamba, mpaka penye mti mmoja wa mathenge, ule wa miba mirefu, ulioinama. Hapo mzee akasimama.

"Yamekwisha," akasema. "Mashamba kumi na mawili."

Kumi na mawili, jamani! Nyuma ya ule mti, yakiwa yamefichwa na uzio wa miba, kulikuwa na mashamba zaidi ya hamsini, yote ya wanawake, ya mtama na kunde na bamia. Na la kwanza kabisa lilikuwa la mkewe mwenyewe! Chelangat aliandika, akashukuru, akapanda gari.

Mfereji ukaja. Ulikuwa mzuri, tusiseme uongo. Walio juu ya mti walivuna mara mbili kwa mwaka, wakanunua mbuzi, wakawarudisha watoto shuleni. Mfereji uliishia palepale penye mti, hatua arobaini kutoka kwa Nawoi. Yeye na wenzake wa chini walibeba maji kwa mitungi mpaka shingo zikauma, na bado mtama ulikauka ukiwa wa urefu wa goti. Wengine walianza kuchoma makaa. Wengine walikwenda mjini kufua nguo za watu.

Nawoi alikwenda ofisini Lodwar kuuliza. Alidhani saruji ilikuwa imewaishia.

"Mama, haikuisha," Chelangat akamwambia kwa upole, akimgeuzia karatasi aione. "Hapa imeandikwa mashamba kumi na mawili, na yote yana maji. Mradi umekamilika. Pesa za mwaka huu zinakwenda kwa watu wasio na maji."

"Na sisi wa chini?"

"Kwenye karatasi, mama, huko chini hakuna watu."

Ndipo Nawoi alipoiona namba na alama ya kidole gumba cha mumewe chini yake. Alitoka mle ofisini bila hata kuaga.

Hakurudi nyumbani. Hasira aliyokuwa nayo haikufaa kupelekwa kwa mtu uliyemzalia watoto. Alipanda basi la Kakuma kwenda kwa Nyaluak, mama wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha mboga katika soko la kambi ya wakimbizi, ambaye kwa miaka minne alinunua bamia zake zote.

"Dada, leo nimekuja mikono mitupu," Nawoi akasema, akaketi.

Nyaluak akamtilia chai yenye sukari nyingi. "Kuna lori la Kitale linaniletea bamia sasa," akasema. "Nitakungojea mwaka mmoja. Mmoja tu, dada. Wateja wangu hawali urafiki."

Nawoi akamweleza yote, mpaka ule mti ulioinama. Alitazamia kuhurumiwa. Badala yake Nyaluak alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Huyo mzee wako ni Mnuer kama sisi! Baba yangu pia hakuhesabu ng'ombe, ungemuua kwanza. Lakini hapa Kakuma mimi nimehesabiwa mpaka vidole. Hapa usipohesabiwa, huli."

"Sasa baba yako alijuaje kama ng'ombe wamerudi wote?"

"Kwa majina. Jioni aliwaita mmoja mmoja. Hakuna aliyesahauliwa."

Nawoi akakishika kikombe chake, akilirudia lile neno moyoni: kwa majina. Chai ikapoa.

Kesho yake alimkuta Lokeno nje ya boma, ameketi kwenye kigoda chake, anachonga mpini wa jembe. Jembe lilikuwa la Nawoi. Hilo nalo lilimzidishia hasira.

"Mficha uchi hazai, mzee," akamwambia akiwa bado amesimama. "Ulimwambia yule binti mashamba yamekwisha. Yamekwisha wapi? Mimi ni nani basi, kichaka?"

Lokeno aliendelea kuchonga kidogo, halafu akaacha.

"Mama Ekiru, kabla ya ule ukame walikuja watu wa kuandika mifugo. Mara hiyo moja tu nilisema ukweli. Nikasema mia moja na nne. Unakumbuka waliobaki."

Nawoi alikumbuka. Waliobaki walilala wote chini ya kivuli cha mti mmoja.

"Tulipofika penye mathenge na yule binti," mzee akaendelea, "nikachungulia kwenye miba. Nikakuona. Umeinama kwenye mtama, unaimba wimbo wako ule mbaya. Ulimi ukakataa. Mbuzi walishakwenda. Nikikutaja na wewe ukaenda, nitabaki na nani?"

Nawoi alikuwa ameibeba hasira ile kutoka Kakuma, njia nzima, na sasa hakujua aitue wapi. Alimpenda mzee huyu. Alimpenda tangu siku ya mahari, na alimpenda hata sasa na ujinga wake wote.

"Mjinga wewe," akasema. Akachuchumaa karibu naye. "Na wimbo wangu si mbaya. Sikiliza. Hakuna anayetaka uhesabu. Wewe taja tu."

Kikao cha maoni ya bajeti kilifanyika Lodwar wiki iliyofuata. Mmoja aliomba taa za barabarani, mwingine akaomba ukumbi wenye feni. Wanawake wa chini walijaa viti vya nyuma. Lokeno alipoinuka, kigoda chake mkononi, Chelangat alimtambua.

"Mzee, niambie leo. Mashamba ya chini ni mangapi?"

"Mimi sihesabu," Lokeno akasema. "Kalamu unayo wewe."

Akaanza. Alitaja shamba la Nangiro, lenye kunde. La Atiir, lililo karibu na mikoma miwili. La Akal, anayelima na mama yake. Alifuata mto kwa kichwa, bila karatasi, na kila aliyetajwa alisimama.

Nawoi alikuwa ameketi. Shamba lake ndilo la kwanza baada ya mti, na mzee alianza na la pili. Labda amelisahau, akajiambia. Lakini Lokeno hasahau kitu. Alimtazama akishuka na mto mpaka shamba la mwisho kabisa, akafunga mdomo.

"Hamsini na moja," Chelangat akasema. "Ndio mwisho?"

Lokeno alikishika kigoda chake kwa mikono miwili.

"Bado," akasema. Kisha kwa sauti ile ya kuita mbuzi ng'ambo ya mto: "La Nawoi! Mke wangu. Liandike vizuri, binti, kalamu isiteleze."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Nawoi akasimama akilia mbele ya watu, bila haya.

Mfereji haukuja kesho yake. Serikali ni serikali. Ulingoja bajeti ya nyongeza, kisha mchimbaji aliyeharibikiwa na mashine, kisha saruji. Lakini ulipita ule mti. Na kabla mwaka aliopewa na Nyaluak haujaisha, Nawoi alishuka kwenye basi pale Kakuma, na utingo akaanza kuteremsha magunia ya bamia kutoka juu, Lokeno akiyapokea kwa bega, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Ejok, dada!" Nyaluak akapaza sauti kutoka kibandani, akimsalimia kwa Kiturkana. "Umeniletea magunia mangapi?"

Nawoi akafungua mdomo ajibu. Akamtazama mzee wake, mzima, akihema chini ya gunia.

"Machache tu," akasema.