Sentensi Kumi za Paulina

Kila asubuhi Paulina alishuka jikoni na kitabu chake cha mazoezi ya Kiingereza, na Stefania akaacha vyombo, akafuta mikono. Paulina ni Mpoland. Mumewe, Yaqdhan, alikwenda kwao kusomea udaktari, akamwoa, akamleta nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Ghubra, Omani. Stefania ni mtumishi wa nyumba hiyo, lakini kabla ya kuja Omani alifundisha Kiingereza sekondari miaka sita huko Tabora, na ualimu ni kama kitunguu saumu, hautoki mkononi kwa sabuni.

"Sentensi ya pili iseme yaleyale," alimwambia. "Geuza maneno, usiguse maana."

Paulina alikuwa mzito. Akipewa neno moja alizalishe mengine, alizaa vioja. Kile kijineno "the" alikisahau kila mstari, maana Kipoland hakina. Stefania hakumcheka. Kiswahili nacho hakina, na yeye kijineno hicho alikijua kwa viboko vya shule.

Kilichomtia Stefania bidii ni ahadi. Bi Masouda, mwenye shule ndogo ya watoto mtaa wa Wattaya, alimsikia akizungumza Kiingereza na mgeni harusini, akamwambia aje kufundisha. Ila mtumishi hahami kwa tajiri wake bila karatasi ya kumwachia, na wa kuitia saini ni Bi Mahfoudha, mama yake Yaqdhan.

"Mfunze mke wa mwanangu," Bi Mahfoudha alisema. "Akipasi mtihani wake wa Kiingereza, nnatia saini siku hiyo hiyo. Wallahi."

Basi Stefania akafundisha miezi mitano, na Paulina akafaulu vizuri. Nyumba ikala biriani kwa furaha. Aliyeipika ni mwalimu.

Alipokwisha kuondoa sahani, akaenda sebuleni kwa Bi Mahfoudha. "Mama, nimekuja kwa ile karatasi."

"Ya kwendea wapi?" Bi Mahfoudha alikuwa akitoa kokwa ya tende. "Masouda keshapata mwalimu. Paulina anaanza Jumapili."

Stefania alishika mlango. "Mama, Kiingereza chake nimempa mimi."

"Nnajua, na Masouda nimemwambia. Lakini wazee wa watoto wanataka kumwona mzungu mlangoni. Wewe watakuuliza choo kiko wapi." Akatia tende kinywani. "Na Paulina akenda kazini, nyumba abaki nayo nani? Sasa ndo nnakuhitaji khasa."

Huyo ndiye aliyeapa kwa jina la Mungu, na tende ikamshuka vizuri tu.

Kesho yake, Jumamosi, Paulina aliteremka jikoni na karatasi, sentensi kumi za somo lake la kwanza. Akaomba kwa Kiingereza zisahihishwe.

"Ulijua kazi ile ilikuwa yangu?" Stefania alimuuliza.

"Nilijua," Paulina alijibu, tena kwa upole. "Lakini wewe kazi unayo tayari."

Kiingereza safi, hakina kosa hata moja.

Stefania akaisoma karatasi. Sentensi nne zilikuwa mbovu. Angeziacha, watoto wangezinakili, wangezipeleka nyumbani, na Bi Masouda angejua amechagua nini. Alitamani hivyo kwa moyo wake wote. Kisha akawaona hao watoto wameinamia madaftari, wakiandika upuuzi kwa mwandiko mzuri.

Akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha zote nne. Paulina akamshukuru, akapanda juu. Stefania akafungua bomba, kwani masufuria ya biriani ya jana yalikuwa bado kuoshwa.