Mama Faili na Rafu ya Juu

Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, karani wa masijala alimaliza maharage yake, akalamba kijiko, kisha akainuka kutoka kitini bila kusimama. Alipanda taratibu, magoti yamekunjwa vilevile, mpaka akalingana na rafu ya juu kabisa, yenye mafaili ya wastaafu.

"Maadamu uko hukohuko," mkuu wake alisema bila kuinua macho kwenye gazeti, "nishushie la yule mwalimu wa hesabu. Mwaka mzima anatusumbua."

Alilishusha. Ofisini walimwita Mama Faili kwa kuwa alijua kila faili lilipo, hata yale yasiyofikika tangu ngazi ivunjike. Jioni alimsimulia mumewe.

"Viatu havikuanguka?" mumewe aliuliza.

"Kimoja."

"Basi kesho vaa vya kamba."

Kuanzia siku hiyo kila mlo ulimpandisha, na supu ya pakiti ilimfikisha darini kabisa. Mkuu alifurahi. Alifuta maombi ya ngazi mpya yaliyokuwa yamelala mezani kwake miaka miwili, akaweka bakuli la karanga za chumvi kwenye meza ya Mama Faili, akawa analijaza mwenyewe kila asubuhi. Wastaafu waliokuwa wakishinda kwenye benchi la ukumbini wakaanza kurudi makwao wakicheka.

Tatizo lilikuwa kichwa. Kilimgonga kama kuna mtu anatwanga ndani. Alipoanza kuona vimulimuli, alikwenda zahanati. Muuguzi alimfunga kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda asipae, ndipo akampima.

"Mia na sabini kwa mia na tano. Presha imepanda, mama."

"Nami nimepanda nayo."

"Afadhali wewe unaonekana. Wengine hupanda kimyakimya, tunawajua siku wakianguka." Akamwandikia dawa. "Na chumvi upunguze."

Mumewe, mtu wa kunyunyiza chumvi kabla ya kuonja, aliondoa kikopo mezani bila kuambiwa. Siku ya kwanza walitafuna, wakatafuna tena.

"Ni kama kula bahasha," mume alisema hatimaye.

"Wewe bahasha ulizila lini?"

Wakaongeza limau, kitunguu saumu na tangawizi. Hata hivyo wiki ikaisha Mama Faili angali ananing'inia shibiri moja kutoka sakafuni, akifagia chini ya miguu yake mwenyewe. Akarudi kwa muuguzi.

"Vile vidonge vya mchuzi unatia? Mkate je? Karanga?"

"Karanga si chumvi. Ni zawadi ya bosi."

"Chumvi haibishi hodi, mama. Huingia na wageni wengine."

Aliacha vidonge vya mchuzi, akapunguza mkate, bakuli akalifunika kwa kitabu. Wiki ya tano nyayo zote mbili ziligusa sakafu. Ulimi nao ulikuwa umejifunza. Kabichi tupu ilimwonjesha utamu ambao hakuwahi kuujua. Kipimo kilisoma mia na thelathini kwa themanini na mbili.

Mkuu alihuzunika kwa dhati.

"Mama Faili, na wastaafu je?"

"Nunua ngazi."

"Ngazi ina taratibu zake." Akalifunua bakuli, akalisogeza. "Punje tatu tu. Kuna bibi hapo nje, amekuja kwa miguu."

Mama Faili alimwona yule bibi mlangoni, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Mkono wake ukaenda kwenye bakuli. Ukakaa hapo kitambo. Kisha ukarudi mtupu.

Mwezi uliofuata tangazo la kazi lilibandikwa getini: mwombaji awe amemaliza kidato cha nne, awe mwaminifu, na presha isipungue mia na sitini. Walijitokeza arobaini na mmoja. Walisubiri uani kwa utulivu, wengine wameshikilia nondo za dirisha. Aliyepata alikuwa dereva wa zamani, baba wa watoto watano, mcheshi, aliyepanda mpaka darini kwa kipande cha mkate tu.

Saa ya chakula Mama Faili aliinua uso, akamweleza habari za limau na kitunguu saumu, na akamwelekeza kwa muuguzi.

"Nitaanza, dada," dereva alijibu kutoka juu, akipokea karanga alizorushiwa na mkuu. "Acha kwanza nithibitishwe kazini."

Muda wa majaribio ulikuwa miezi sita.