Damu ya Juu

Asubuhi Anastasie alilala kwenye kitanda cha chuma katika hospitali ndogo pale Baraka, akakunja ngumi, na muuguzi Lionel akamtoa damu. Alikuwa ameshuka kutoka milimani, ambako hewa ni nyembamba na miili huongeza damu mpaka inakuwa nzito kama uji. Macho yanakuwa mekundu, kichwa kinagonga. Nafuu yake ni kupunguzwa. Basi watu wa juu hushuka kutolewa, na watu wa chini huongezewa.

Damu hiyo ilikuwa na tabia yake. Ndani ya friji mifuko ilisogea yote upande wa milima, ikabana ukuta. Lionel aliweka jiwe kubwa chini ya friji ili isipinduke.

Mchana simu ikaja. Divine, binti wa Anastasie, amejifungua kule juu na damu haikatiki. Kule hakuna zahanati. Kuna ahadi ya zahanati, tangu Divine mwenyewe akiwa tumboni.

Anastasie alikwenda kwa daktari Jacques.

“Docteur, munipatie ule mufuko yangu. Mutoto wangu anakufa.”

“Mama, apa mugonjwa analeta kwanza donneur, mutu wa kutoa damu, ndio tunamupatia damu.”

“Donneur si ni mi?”

“Ile ulisha kutoa. Iko ya hôpital.”

Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio unaochoma zaidi.

Jioni mfuko wa Anastasie ulisukuma mlango wa friji, ukashuka sakafuni, ukashika njia ya mlimani. Akina mama waliotoka shambani na mihogo walisogea pembeni, wakausalimia. Anastasie aliufuata akikimbia. Penye nyumba za mwisho Jacques aliwapita kwa pikipiki, akaukamata. Ulimvuta mpaka bega likamuuma, lakini hakuachia.

Mfuko huo alitundikiwa mke wa mkubwa mmoja, aliyekuwa anajisikia mchovu. Hakuna aliyemuuliza donneur wake. Tangu siku hiyo mama huyo hulala amebanwa kwenye ukuta wa upande wa milima. Nyumbani kwake wamezoea.

Divine walimzika kesho yake, kabla mama yake hajafika.

Baada ya miezi kadhaa kichwa cha Anastasie kiligonga tena, akashuka. Friji sasa ilikuwa na kufuli.

“Kunja ngumi, mama,” Lionel akasema.

Alikunja, kwa nguvu ya mtu anayetaka kupiga, na mfuko ukajaa upesi.