Nani Alipima Lile Paa

Fundi wa kuchomelea aliingia ofisini kwa mwalimu na aproni yake ya kazi, matundu ya cheche kifua kizima, hata hodi hakupiga. Hasira ilikuwa imempanda tangu asubuhi, mdogo wake wa kike aliposema anapelekwa darasa la ushonaji.

"Mwalimu, mimi mlinifukuza nikanyamaza. Huyu hapana. Mmeona mama anashona, basi na mtoto mnamkabidhi sindano?"

Mwalimu hakuinua hata nyusi. Alichomoa fomu moja kwenye rundo, akamsukumia. "Soma mwenyewe, fundi. Fomu zote zinaondoka saa nane."

Kazi unayotaka kufanya: kushona nguo.

Mwandiko ule aliujua. Ndio uleule wa chaki kwenye kila bomba la chuma pale karakana kwake: kata hapa, pinda hapa, pembe ya nyuzi thelathini. Fundi alikuwa anafuata tu na moto.

"Nilimuuliza mara mbili," mwalimu akasema. "Muulize na wewe, huyo hapo mlangoni."

Fundi akageuka. "Wewe una wazimu? Na hesabu zote zile? Lile paa la ghala nani alipima?"

"Wewe," msichana akajibu.

"Mimi?"

"Si ndivyo ulivyomwambia mwenye ghala? Nilikuwa nimekushikia ngazi, kaka. Akauliza mimi nitakuja kufanya kazi gani. Ukanijibia, huyu atarithi cherehani ya mama. Mkacheka wee, na watu wote pale."

Fundi alitafuta wa kumtukana, akamkosa. Mwalimu alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri chenji yake. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

"Sikucheka sana," akanung'unika.

"Ulicheka mpaka ukashika ukuta."

Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mwalimu, lile paa alipima yeye. Na geti la zahanati. Na ngazi za hapa shuleni kwenu. Mimi hizo nyuzi sizijui hata kwa dawa." Maneno yalimchoma kuliko cheche yoyote iliyowahi kumwingia kwenye kiatu.

Mwalimu akachukua fomu mpya, akampa msichana kalamu. Msichana akaishika, hakuandika.

"Jumamosi mwenye ghala anarudi," akasema. "Utamwambia na yeye?"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu walewale waliocheka."

Fundi akasaga meno. Kwenye saa, mshale ulisogea.

"Nitamwambia. Andika basi, mjinga wewe."

"Mjinga nani?"

"Mimi," akasema. "Andika."